Faini ni ya Serikali, Fidia ni ya Aliyeumizwa

Ndugu msomaji, mama mmoja mkazi wa Temeke ametuletea barua ambayo nimeona haifai kujibiwa kwa mistari michache. Mumewe ni fundi mwashi. Mwaka jana aligombana na jirani juu ya mfereji wa maji machafu, na katika ugomvi huo jirani akachukua nondo, akampiga, akamvunja mkono wa kulia. Mashtaka yakafunguliwa, mashahidi wakasikilizwa, jirani akatiwa hatiani. Hakimu akamtoza faini ya shilingi 500,000, au aende jela mwaka mmoja akishindwa kulipa. Ndugu zake walikuwa wamejiandaa. Faini ililipwa siku ile ile kabla ya saa nane mchana, na jioni jirani alikuwa barazani kwake anakunywa chai. Mwashi naye alikuwa nyumbani kwake, mkono haujanyooka, ana miezi mitano hajashika mwiko wala pima maji, na mkewe anadaiwa na wenzake wa kikundi cha kukopeshana fedha alizochukua kulipia hospitali.

Mama huyu hana matusi wala malalamiko marefu. Ana swali moja tu: ile laki tano ni ya nani?

Jibu fupi, nalo ni chungu, ni kwamba ile laki tano ni ya Serikali. Faini ni adhabu, na adhabu hutolewa na dola kwa niaba ya watu wote, kwa kuwa nondo iliyompiga mwashi iliupiga pia utulivu wa mtaa mzima. Ndiyo sababu katika Mahakama ya Wilaya shauri la jinai huitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Mwashi, kwa macho ya sheria, hakuwa mwenye shauri, alikuwa shahidi. Alikuja, akala kiapo, akaeleza yaliyompata, akaonyesha kovu, akaambiwa anaweza kwenda. Wako watu wengi ambao hulijua jambo hili siku ya hukumu, wakiwa wamesimama nje ya mlango wa mahakama na mabahasha ya hospitali mikononi, na mimi siwalaumu wanapodhani kuwa hakimu amehongwa. Hakuna aliyewaeleza.

Hata hivyo, sheria yetu haikumwacha mwashi mikono mitupu. Iko amri nyingine ambayo hakimu angeweza kuitoa siku ile ile, katika hukumu ile ile, bila ya mwashi kufungua shauri jingine wala kulipa ada ya mahakama. Amri hiyo huitwa amri ya fidia. Hiyo ndiyo mada yetu Jumapili ya leo.

Wazee wetu hawakuwa na shida ya kulielewa jambo hili. Katika makabila yetu mengi, hasa ya wafugaji, mtu aliyemjeruhi mwenziwe alitoa mifugo, na mifugo ile iliingia katika zizi la aliyejeruhiwa au la ukoo wake. Watu wa pwani waliolelewa katika dini ya Kiislamu waliijua diya, malipo ya damu. Na neno lenyewe fidia tumelipata katika Kiarabu, ambako asili yake ni malipo ya ukombozi, yaani kile anachokitoa mtu ili ajikomboe.

La ajabu zaidi ni kwamba hao Waingereza waliotuachia Kanuni ya Adhabu nao hapo kale walikuwa hivyo hivyo. Mnamo mwaka 600 hivi, mfalme mmoja wa Kent aitwaye Æthelberht alitoa sheria zinazotaja bei ya kila kiungo cha mwili. Aliyeng'oa jino la mbele la mwenziwe alilipa shilingi 6 za wakati huo, na aliyekata kidole gumba alilipa shilingi 20. Katika zama hizo za kale za Uingereza mkosaji alikuwa na malipo mawili, moja la aliyeumizwa na jingine la mfalme. Kadiri wafalme walivyopata nguvu ndivyo fungu la mfalme lilivyonenepa na fungu la majeruhi lilivyokonda, mpaka aliyeumizwa akaambiwa kwamba, akitaka chake, apite mlango wa pili, yaani afungue shauri la madai kwa gharama zake. Milango hiyo miwili ndiyo tuliyorithi sisi. Nao wenyewe walipochoka kuona majeruhi wakirudi nyumbani bila kitu, waligeuka nyuma. Baada ya taarifa ya kamati iliyoongozwa na Jaji Widgery mwaka 1970, Bunge lao lilitunga sheria mwaka 1972 ya kuwapa mahakimu uwezo mpana wa kuamuru fidia katika mashauri ya jinai, na mwaka 1982 likaongeza kwamba mkosaji asiyeweza kulipa vyote viwili, faini na fidia, basi fidia itangulie. Hapo mfalme alirudishwa nyuma ya majeruhi baada ya miaka mingi sana.

Sasa tufungue vitabu vyetu. Nazungumzia Tanzania Bara, kwani Zanzibar ina sheria zake.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu ambacho wanasheria wamezoea kukitaja kwa namba 31. Kinasema kwa maneno machache kwamba mtu aliyetiwa hatiani anaweza kuamriwa na mahakama amlipe fidia yeyote aliyeumizwa na kosa lake, na kwamba fidia hiyo yaweza kuongezwa juu ya adhabu nyingine au kuchukua nafasi yake. Ndugu msomaji, yapime maneno hayo ya mwisho. Hakimu anaweza kusema: nenda jela na ulipe, au anaweza kusema: lipa, nami sikupeleki jela.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imefafanua zaidi. Inasema kwamba ikiwa ushahidi unaonyesha kuwa mtu fulani amepata hasara ya mali au amejeruhiwa kwa sababu ya kosa hilo, na mahakama ikaona kuwa mtu huyo angeweza kupata fidia ya maana lau angefungua shauri la madai, basi mahakama yaweza kumwamuru mkosaji alipe kwa fedha au kwa vitu kiasi kile ambacho ni haki. Sheria hiyo hiyo inaruhusu pia kwamba faini yenyewe, yote au sehemu yake, itolewe kumlipa aliyeumizwa. Naam, hata ile laki tano ya jirani wa Temeke ingeweza kuelekezwa, yote au nusu yake, kwa mwashi, lau hakimu angeamua hivyo wakati wa kutoa hukumu. Mahakama ya Mwanzo nayo, ambako wananchi wengi hupeleka mashauri yao, ina uwezo wa kuamuru fidia.

Juu ya hayo yote imo Katiba. Mwaka 2000 iliongezwa ibara ya 107A, inayozitajia mahakama kanuni za kufuata katika kutoa uamuzi, na mojawapo ni kutoa fidia ipasavyo kwa watu walioathirika kwa makosa ya wengine, kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Kanuni hiyo imewekwa pamoja na ile ya kutenda haki kwa wote bila kujali hali ya mtu, na ile ya kutochelewesha haki bila sababu ya msingi. Kwa hiyo mwananchi anayeomba fidia haombi hisani ya hakimu.

Kama ni hivyo, mbona mwashi hakupata kitu?

Kwanza, kwa sababu ya neno dogo. Vifungu nilivyovitaja vinasema mahakama "inaweza". Havisemi "lazima". Mambo mengi mema hufia katika neno hilo. Hakimu mwenye majalada mengi mezani, asiyeombwa kitu na mtu yeyote, hutoa adhabu anayoijua, akafunga jalada, akaita shauri linalofuata.

Pili, na hili ndilo ninalotaka kila familia ilishike, hakimu hawezi kuota gharama zako. Sheria inasema ikiwa ushahidi unaonyesha. Mwashi alipokuwa kizimbani aliulizwa nani alikupiga, kwa kitu gani, saa ngapi, kulikuwa na mwanga gani. Akayajibu hayo yote barabara. Hakuulizwa umetumia kiasi gani hospitalini, wala umekosa kazi kwa siku ngapi, naye hakusema. Stakabadhi zilibaki nyumbani ndani ya sanduku. Fomu ya polisi ya matibabu, ile tunayoiita PF3, ilionyesha kuwa mkono umevunjika. Haikuonyesha bei ya kuuunga.

Kwa hiyo, msomaji, likikufika jambo la namna hii (nami sikuombei), anza kutunza karatasi tangu siku ya kwanza. Tunza stakabadhi ya hospitali, ya duka la dawa, ya picha ya mifupa, hata ya gari lililokupeleka. Ikiwa umeajiriwa, pata barua ya mwajiri inayotaja siku ulizokosa kazini na mshahara uliokatwa. Ikiwa wewe ni fundi wa kujitegemea, mchuuzi au mama lishe usiye na karatasi ya mshahara, usikate tamaa. Yupo msimamizi wa ujenzi aliyekuwa akikulipa, yupo mteja wako wa kila siku, lipo daftari lako la mauzo. Hao ni mashahidi na hilo ni ushahidi. Kisha mwone mwendesha mashtaka kabla ya siku yako ya kutoa ushahidi, umwambie waziwazi kuwa unataka hasara yako iingie katika kumbukumbu za mahakama na kwamba utaomba fidia. Mshtakiwa akisha kutiwa hatiani, hakimu humgeukia mwendesha mashtaka na kuuliza kama mkosaji ana makosa ya nyuma, kisha humsikiliza mkosaji anapoomba huruma. Dakika hizo chache, kabla kalamu ya hakimu haijaandika adhabu, ndizo dakika za mwendesha mashtaka kusimama na kuomba amri ya fidia. Ukikaa kimya mpaka watu wameanza kutoka, umechelewa.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na hilo ni jambo la heri kwa sababu aliyeumizwa anaweza kufuata kinachosemwa. Katika Mahakama ya Mwanzo ni rahisi zaidi. Huko mlalamikaji mwenyewe ndiye anayesimamisha shauri lake, na akitaka fidia huitaja kwa kinywa chake.

Mama wa Temeke atauliza: je, sisi ambao hukumu imekwisha kutoka? Kwenu mlango wa pili haujafungwa. Mumeo anaweza kumshtaki jirani kwa madai katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, akidai gharama za matibabu, mapato aliyoyakosa na maumivu aliyoyapata. Sheria ya Ukomo imempa miaka 3 tangu siku alipoumizwa, si zaidi, kwa hiyo usiseme tutafanya baada ya mavuno. Na hapo anayo silaha ambayo wengi hawaijui: Sheria ya Ushahidi inasema kwamba hukumu ya jinai ikisha kuwa ya mwisho, ama kwa kuwa muda wa rufani umepita au kwa kuwa rufani imekwisha kuamuliwa, huchukuliwa kuwa ni uthibitisho kamili kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa. Jirani hawezi kuanza upya kusema kuwa hakuwapo, au kwamba nondo ilianguka yenyewe. Linalobaki kubishaniwa ni kiasi cha fedha tu. Ikiwa hakuna fedha ya wakili, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayowatambua wanaotoa msaada huo bila malipo, wakiwamo wasaidizi wa kisheria. Na kama ingekuwa fidia ilikwisha kulipwa katika jinai, mahakama ya madai ingeihesabu, ili mtu asilipwe mara mbili kwa mkono mmoja.

Hayo ni ya sheria. Sasa niseme langu.

Naona mahakimu wetu wanaitumia amri hii kwa uchache kuliko inavyostahili, hasa katika makosa madogo ya mijini: kupigana, kuvunja vioo, kuiba kuku, baiskeli, simu, cherehani. Fikirini kijana aliyeiba cherehani ya mama fundi, akaiuza, fedha akazila. Tumpeleke jela miezi sita. Atakula chakula cha Serikali, chakula ambacho kinalipiwa na kodi, na mama fundi naye ni mlipa kodi. Atatoka akiwa amejifunza kwa walio wakubwa kuliko yeye namna ya kuvunja mlango bila kelele. Cherehani haipo. Watoto wa mama fundi wamekaa miezi sita bila ya mashine iliyokuwa ikiwanunulia unga. Sijui ni nani aliyefaidika na hukumu hiyo. Angeachiwa kwa masharti, akafanya kibarua, akalipa cherehani kidogo kidogo kupitia mahakamani chini ya uangalizi, angalau mwisho wa mwaka pangekuwa na mashine juu ya meza. Uwezo huo upo. Sheria inaruhusu hata ugomvi mdogo wa watu binafsi, usiokuwa kosa kubwa, usuluhishwe mbele ya hakimu kwa masharti ya malipo ya fidia, na shauri lisimamishwe.

Jamhuri yenyewe, inapokuwa ndiyo iliyoibiwa, inajua sana kudai chake. Mwaka 2019, Rais John Magufuli alipotoa nafasi kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi kukiri na kurejesha, ilitangazwa kwamba watu 467 walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya makubaliano ya kukiri kosa. Sina ugomvi na jambo hilo. Mali ya umma irudi kwa umma. Nasema tu kwamba mama fundi na cherehani yake wanastahili bidii ya namna ile ile.

Lakini msije mkadhani kuwa nataka kila kosa liwe na bei kama samaki wa feri. Mtu tajiri anayempiga mtumishi wake wa nyumbani mpaka akamvunja mbavu, kisha akafungua mkoba mahakamani na kuuliza ni kiasi gani, hajaadhibiwa, amenunua. Kwa mtu wa namna hiyo fidia sharti iwe juu ya adhabu, wala isiwe badala yake. Hakimu mwenye busara hutazama pande zote mbili, aliyeumia ameumia kiasi gani na aliyeumiza ana uwezo gani, maana amri ya shilingi milioni 10 kwa mtu asiye na godoro ni karatasi tu, na amri ya shilingi elfu 50 kwa mwenye maroli ni mzaha.

Na hapa pana jambo ambalo sina budi kulisema kwa ukali kidogo, kwa kuwa linatendeka majumbani mwetu, wakati mwingine kwa baraka za wazee tunaowaheshimu. Mtoto wa kike amebakwa. Aliyembaka ni mpangaji, au ni mjomba, au ni mfanyabiashara wa mtaani mwenye jina. Wazee wanakutana usiku. Inatolewa bahasha. Baba wa mtoto anaambiwa aitunze heshima ya ukoo, achukue fidia, yaishe. Ndugu msomaji, hiyo si fidia. Fidia huamriwa na mahakama baada ya kosa kuthibitishwa. Kupokea malipo ili kosa kubwa lifichwe na mkosaji asishtakiwe ni kosa lenyewe katika Kanuni ya Adhabu, na anayepokea bahasha anaweza kujikuta kizimbani pamoja na aliyeitoa. Tena hakuna sababu ya kuipokea, maana kwa kosa hili Bunge liliachana na neno "inaweza". Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu akitiwa hatiani kwa kubaka, pamoja na kifungo ambacho kwa kawaida hakipungui miaka 30, ni lazima aamriwe kumlipa aliyebakwa fidia kwa madhara aliyomtia. Mtoto ana haki ya vyote viwili, mkosaji kufungwa na fidia kulipwa. Mzazi anayemuuza kwa bahasha ya usiku amemnyang'anya vyote viwili.

Tatizo la amri hizo za ubakaji ni jingine, nalo ni tatizo la fidia kwa jumla: nani atazikusanya? Mtu amefungwa miaka 30. Alikuwa mbeba mizigo sokoni. Amri imeandikwa, imegongwa muhuri, imetiwa jaladani. Kuna familia zinazodhani kwamba Serikali italipa kisha imdai mfungwa. Haiko hivyo. Mfanyakazi aliyeumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na aliyegongwa na daladala anaweza kuifikia bima ya gari kwa njia ya shauri la madai. Aliyepigwa nondo na jirani humtazama jirani. Umoja wa Mataifa, katika Azimio la tarehe 29 Novemba 1985 juu ya haki za waathirika wa uhalifu, ulizihimiza nchi zijitahidi kutoa fedha pale mkosaji asipoweza kulipa kikamilifu. New Zealand ilikwisha kuanza mpango wa namna hiyo mwaka 1963 na Uingereza mwaka 1964. Kwetu hilo ni jambo la kulizungumza na wabunge wetu, na sioni kwa nini sehemu ya faini zote zinazolipwa nchini isiwe mbegu ya mfuko kama huo.

Wakati tunasubiri, amri ya fidia isiyolipwa ina njia ya kukaziwa. Muda wa rufani ukisha kupita (na kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu mkosaji hupewa siku 10 za kutoa taarifa na siku 45 za kuleta rufani yenyewe), aliyepewa fidia aende kwa karani wa mahakama iliyotoa hukumu, apate nakala ya amri, na aombe hati ya kukamata mali ya mkosaji. Sheria inaruhusu mali hiyo ishikwe na kuuzwa mpaka deni lilipwe, zikitangulia zile zinazohamishika. Kwa hiyo, kabla hujaenda, ulizia mtaani mkosaji ana nini: pikipiki, friji, kiwanja, mashine ya kusaga. Karani hatakwenda kukutafutia.

Wala usiende nyumbani kwa mama wa mkosaji kuchukua kitanda chake. Wengi hukosea hapo kwa hasira. Fidia ni deni la aliyetenda, si la mama yake, si la kaka yake aliyeajiriwa bandarini, si la mkewe anayeuza vitumbua kwa mtaji wake mwenyewe. Wakitaka kumsaidia ndugu yao ni hiari yao. Na hata kwa mdaiwa mwenyewe, sheria zetu za kukazia hukumu za madai hazimruhusu dalali kubeba kila kitu. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, matandiko, na vifaa vya fundi vya kufanyia kazi huachwa. Mkosaji aliyenyang'anywa msumeno hawezi kulipa hata senti ya mwezi ujao, na aliyeumizwa ndiye wa kwanza kupata hasara kwa jambo hilo.